Mkasi Anajifunza Kusema Hawezi

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la ndoo na mabeseni. Zamani duka hilo lilikuwa saluni, na kinyozi wake ni huyo huyo ambaye siku hizi anakaa mwisho wa benchi, mkono wa kulia mfukoni. Tunamwita Mkasi. Miezi minane iliyopita kiharusi kilimkuta amesimama nyuma ya mteja, mashine ikamdondoka ikiwa bado inanguruma. Maneno yalirudi vizuri, lakini mkono wa kulia haukurudi, na mguu ulirudi nusu. Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa watano: yeye, Soli, fundi viatu, ambaye anafanya kazi hapo hapo benchini na misumari mdomoni, Honi, dereva mstaafu wa lori, anayeongea kana kwamba injini bado inawaka chini yake, Buli, muuza kahawa, na vikombe vyake sita, na mimi wanayeniita Karani, maana niliwahi kupiga taipu shuleni na barua za mtaa mzima huletwa kwangu. Pembeni alikaa mama mmoja tusiyemjua, mkanda wa kiatu chake umekatika, anasubiri Soli amshonee. Mguu mmoja alikuwa amevaa kandambili ambayo Soli huwaazima wateja.

Mkasi alitoa gazeti kwapani, akaliweka kwenye paja langu.

—Karani, una kalamu?

—Lini umeniona sina?

—Basi nijazie.

Ndani ya gazeti kulikuwa na fomu ya kurasa nne, ya kuomba ruzuku ya watu wenye ulemavu katika ofisi ya ustawi wa jamii. Juu kabisa walikuwa wamepiga mhuri: mwisho wa kupokea, kesho, saa sita mchana.

—Umeichukua lini hii? nikamuuliza.

—Wiki iliyopita.

—Na umeikalia wiki nzima?

—Nilikuwa naifikiria.

—Fomu haifikiriwi, akasema Soli kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ya misumari. Inajazwa.

Honi alishusha kikombe.

—Subirini kwanza. Kalamu isiguse karatasi. Huyu mtu lazima afundishwe. Pale ukienda hivi hivi unarudi mikono mitupu.

—Mmoja mtupu ninao tayari, Mkasi akasema.

—Sasa ndiyo hayo. Ukitania mbele ya afisa umekwisha. Mimi nina shemeji yangu alikwenda na nyonga mbovu. Akaambiwa, karibu kiti. Akakaa. Akaulizwa jina, umri, makazi. Akaambiwa, haya, nenda salama. Akainuka. Baada ya mwezi jibu likaja: hustahili. Unajua kwa nini?

—Kwa nini?

—Kiti. Kile si kiti. Ni kipimo. Wana viti viwili, kifupi na kirefu. Ukiinuka bila kushika meza, mwenzako kule kwenye kona anaandika.

—Kona gani?

—Nyuma ya pazia.

—Nimefika ile ofisi, nikasema. Haina pazia.

—Ndiyo ujue wamelificha.

Buli alikuwa anammiminia Soli kahawa. Alisimamisha birika hewani.

—Mimi kiti sijasikia. Nilichosikia ni inzi.

—Inzi?

—Wanafuga inzi. Wako kwenye chupa. Ukishakaa wanafungua kifuniko. Inzi akikujia usoni, wao wanaangalia tu umemfukuza kwa mkono upi.

Mkasi alifikiri kidogo.

—Na nikimfukuza kwa kushoto?

—Wanaleta wa pili.

—Na huyo inzi, akauliza Soli, yuko kwenye ajira ya kudumu au ni kibarua?

—Mimi nimesema nilivyosikia.

—Inzi ni mambo ya zamani, Honi akasema. Siku hizi wanatuma mtu. Anakufuata mpaka mtaani kwako, anakaa karibu na wewe, hasemi neno. Anaweza kuwa yeyote. Anaweza hata kujifanya anasubiri kiatu.

Wote tukageuka. Yule mama akainua mguu wenye kandambili.

—Mimi nasubiri kiatu kweli, akasema.

Tulicheka, hata Mkasi, na Honi akamwomba radhi ingawa jicho lake lilibaki kwa huyo mama kwa muda. Soli alitema misumari kiganjani, akaona sasa ni zamu yake.

—Nyinyi wote mnazunguka. Mtu anasomwa miguuni. Lete huo mguu.

—Wa nini?

—Lete.

Aliinama akashika kiatu cha kulia cha Mkasi, akakigeuza ili tuone. Kiatu kwa chini kilikuwa kizima, lakini mbele, penye kidole gumba, kilikuwa kimeliwa hadi kwenye ngozi.

—Hapa ndipo mguu unapoburuta. Nimepabandika mara tatu tangu augue. Sasa nikipitisha msasa kidogo, kidole kikachungulia nje, afisa hatakuwa na swali. Atatoa leso.

Mkasi akauvuta mguu wake.

—Kiache kiatu changu. Nimekipiga rangi jana.

—Kwa mkono gani?

—Kwa huu wa kushoto. Kiatu nakibana kwa magoti.

—Umeona, Honi akasema. Mtu anaenda kuomba ruzuku ya ulemavu amepiga rangi viatu. Kesho utavaa na tai?

—Ninayo moja.

—Ndugu yangu, Honi akasema, sasa kwa upole, unaenda kuomba msaada au unaenda kuposa?

Buli akauliza kuhusu salamu. Afisa akinyoosha mkono, Mkasi atampa upi? Hilo lilikuwa jambo tunalolijua. Tangu augue Mkasi hampi mtu mkono. Wiki za mwanzo wapo waliosema mtaani kwamba ugonjwa umemtia kiburi.

—Nitainamisha kichwa, Mkasi akasema.

—Hapana, Honi akasema. Mpe huo huo wa kulia. Uache uning'inie mbele ya meza yake.

—Huu haufiki mezani.

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari, na Honi akaendelea bila kusikia. Alisogea katikati ya benchi, akakunja nne, akachukua fomu kwangu akaishika mbali na macho kama wafanyavyo wasiokubali kuvaa miwani. Sasa yeye ndiye afisa.

—Mwombaji anayefuata. Karibu. Unaweza kutembea?

—Naweza.

—Umbali gani?

—Mpaka ninakokwenda.

—Kuoga je?

—Hivi nimeoga.

—Kujipikia?

—Hata nilipokuwa mzima nilikuwa sijui kupika.

—Kuvaa nguo?

—Unaniona nimevaa.

Honi alishusha fomu.

—Jamani. Huyu ameulizwa maswali manne na manne yote amefaulu. Bwana wee, hii si nafasi ya uaskari. Ruzuku ni ya mtu asiyeweza. Ukisema unaweza kila kitu, watakuajiri.

—Sitasema uongo.

—Nani kakwambia useme uongo? Tunasema upunguze ukweli.

—Kwa mtu mgeni? Nikamwambie mtoto wa watu, pengine nilimnyoa nywele za kwanza mimi, kwamba siwezi?

—Ndiyo kazi yake kusikia.

—Kazi yangu ilikuwa kunyoa, na kuna mengi niliyoyasikia pale kwenye kiti, akasema Mkasi. Mtu akishatoka, watu wanamsema.

Nilimnyang'anya Honi fomu. Nikajaza jina, umri hamsini na nne, kazi ya zamani, tarehe ya kuugua, jina la hospitali. Ukurasa wa tatu ulikuwa na swali moja na mistari mitatu chini yake. Nikasoma kwa sauti.

—"Taja shughuli za kila siku ambazo mwombaji hawezi kuzifanya bila msaada."

—Andika hakuna, Mkasi akasema.

—Andika hawezi kutembea, akasema Honi.

—Amekuja hapa kwa miguu, nikasema.

—Basi andika hawezi kula.

—Huyu? Buli akasema. Anakunywa vikombe vitatu kila asubuhi.

—Kahawa hailiwi.

—Andika haoni upande mmoja, akasema Soli. Kiharusi kinaingia na machoni.

—Naona vizuri, Mkasi akasema. Naona ulivyoshona huo mkanda, umepinda.

—Andika na usiku anaanguka, Honi akaendelea. Andika amesahau watoto wake.

—Sina watoto.

—Umeona? Ameshasahau.

Tukacheka tena. Mimi kalamu ilikuwa imesimama juu ya mstari wa kwanza na sina la kuandika. Ndipo yule mama, ambaye alikuwa ametulia akitazama kiatu chake mikononi mwa Soli, akasema:

—Samahani, ndugu zangu. Kwani akiwa nyumbani, hasa hasa, hawezi nini?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza tu, kama mgeni anayetaka kuelewa mazungumzo yalipofikia. Buli akanitazama mimi, mimi nikamtazama Soli. Miezi minane tumekaa na huyu mtu kuanzia asubuhi hadi jua la utosi. Tunajua anavyopenda kahawa yake, tunajua mteja gani aliondoka bila kumlipa mwaka gani. Hatukujua.

Mkasi aliangalia barabara.

—Kucha, akasema.

Buli aliweka birika chini.

—Kucha za mkono huu. Aliuinua wa kushoto, ule mzima. Za huu uliokufa nazikata vizuri. Lakini huu ndio unaokata. Wenyewe unakatwa na nani?

Nilishusha kalamu, kisha nikakumbuka kalamu ndiyo kwanza imepata kazi, nikaandika: kucha.

—Na kwapa hili. Jaribuni nyumbani kwenu, muone. Mkono wa kushoto haufiki kwapa la kushoto. Na vifungo. Suruali napandisha, mkanda nafunga kwa kuegemea ukuta, lakini shati siliwezi. Chungwa siwezi kumenya. Dawa zile za kubonyeza kwenye karatasi siwezi kuzitoa, zinaruka zinaingia uvunguni. Na ndevu. Ndevu nimejaribu. Mkono wa kushoto haujui.

—Sasa nani anakunyoa? Soli akauliza taratibu.

—Mama.

Sote tulijua Mkasi anaishi na mama yake, vyumba viwili nyuma ya msikiti. Hata kabla ya kuugua watu walikuwa wakimsifu: tazama mwana anavyomtunza mzazi. Miezi yote hii tuliendelea kumsifu hivyo hivyo, na yeye akiitikia ahsanteni.

—Anaamka kabla yangu, akasema. Ananiogesha. Mimi, na mvi hizi. Ananivisha, ananifunga vifungo, ananitolea dawa. Halafu ananiambia, haya nenda kwa wenzako. Nikija hapa nimeshatengenezwa.

Honi alikuwa anazungusha kikombe kitupu.

—Na hukusema.

—Niseme nini? Mama ananikata kucha?

—Ungesema.

—Na wewe ungefanya nini?

Mkasi akageuka kwangu, kana kwamba anayasema kwa ajili ya fomu tu.

—Macho ya mama yanafifia. Wiki iliyopita alikuwa ananikata kucha pale uani, penye mwanga, akakata nyama. Hiki hapa. Akatuonyesha kidole cha shahada, pembeni mwa ukucha pana kidonda ambacho bado hakijakauka vizuri. Haikuniuma sana. Lakini damu ilimdondokea kwenye kanga, na yeye hakuiona. Akaendelea kukata. Akasema, mwanangu, siku hizi kucha zako zimekuwa ngumu. Nikamwambia ndiyo, mama, zimekuwa ngumu. Alipolala mchana nikatoka nikaenda kuchukua fomu.

Niliandika. Mistari mitatu iliisha kwenye vifungo, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma yake, kwa maandishi madogo. Soli aligonga msumari mmoja, akaacha. Nilipomaliza nikamsomea yote, neno kwa neno, na kila nilipofika mwisho wa sentensi Mkasi alitikisa kichwa kukubali. Palibaki nafasi moja.

—"Jina la msaidizi wa mwombaji, uhusiano na umri."

—Andika mama mzazi. Miaka sabini na tisa.

Nikaandika. Soli alikata uzi, akampa yule mama kiatu chake. Mama akavua kandambili, akaisukuma taratibu chini ya benchi, akavaa, akasimama akajaribu hatua mbili. Mkanda ulishika. Alimlipa Soli, akatundika mkoba begani, na alipokuwa anaaga akamgeukia Mkasi.

—Na huyo mama, akauliza, yeye anasaidiwa na nani?

Alisubiri jibu, kwa sababu alidhani lipo. Buli alilazimika kufanya kitu, akainamisha birika kwenye kikombe cha Mkasi, yakatoka matone mawili na machicha. Yule mama akaona hakuna anayejibu, akasema basi mbaki salama, akaondoka.

Honi akaweka kikombe chini.

—Mimi kucha naweza kukata, akasema. Kwapa hapana. Lakini kucha naweza.

—Wewe, Mkasi akasema, uliyegonga mti umesimama mchana kweupe? Nikupe vidole vyangu?

—Ule mti ulikuwa barabarani.

—Ulikuwa ndani ya uwanja wa shule, akasema Soli.

Basi kicheko kikarudi, ingawa kifupi. Mkasi alichukua fomu akaikunja juu ya goti kwa mkono mmoja, akaifunika kwa gazeti. Akasimama, akashika ukuta kidogo, akanitazama.

—Karani. Kesho wanafungua saa ngapi?

—Saa mbili.

—Nipitie saa moja.

—Saa moja mapema. Ofisi si mbali.

—Njoo saa moja, akasema tena, na sasa hakuwa ananitazama. Njoo univishe. Mama alale kidogo.

Fomu ilipokelewa. Afisa alikuwa binti mpole, alisoma mbele na nyuma, akauliza nani ameandika maandishi madogo hivi, akapiga mhuri. Kiti kilikuwa kimoja tu na wote tulikitumia kwa zamu. Mkasi alipoulizwa kama yaliyoandikwa ni kweli, alisema: "Ndiyo. Siwezi." Wakamwambia mtu wa ustawi atakuja nyumbani kabla mwezi haujaisha, aone hali yake na ya msaidizi wake, ndipo jibu litoke. Hayo niliwasimulia Honi, Soli na Buli saa tano, wakataka kujua kama tuliona inzi. Niliwaambia mmoja, mdogo.

Asubuhi yenyewe sikuwasimulia. Nilifika saa moja kasoro. Mama yake alikuwa ameamka tayari, amekaa kitandani na kanga begani, beseni la maji limeshatayarishwa. Mkasi akamwambia leo Karani atafanya. Mama akasema sawa, lakini hakulala, alikaa akiangalia kule sauti zetu zilikokuwa. Nilimwogesha mwanawe uani, mimi mwenyewe sijui niangalie wapi, na yeye akinicheka kwamba ninasugua kama ninaosha sufuria ya watu. Nikamfuta. Nikamvisha shati jeupe. Kifungo cha kwanza kilinichukua muda kuliko barua nzima.

—Umefunga cha juu? mama akauliza kutoka ndani.

—Bado, mama.

—Anapenda cha juu kifungwe. Usimbane.

Nikafunga cha juu. Nikamwuliza Mkasi kama kinambana, akatikisa kichwa kukataa. Nikamfunga tai, nikamweka mkono wa kulia mfukoni kama anavyoupenda, nikachukua fomu. Mkasi akaingia kumuaga mama yake, akainama pale kitandani, akarudi kinyumenyume, akaweka kidole mdomoni nisipige kelele na mlango.

Mama alikuwa ameshalala.